Mawe ya Tongoni na Kioo cha Simu

Jambo tunalokusudia kulieleza hapa ni jipya kwa jina, lakini asili yake ni haja ya kale ya mwanadamu, nayo ni kutamani kukiona kile kilichokwisha kuondoka. Katika miji mikubwa ya ng'ambo siku hizi yako maonyesho ya sanaa ambayo mtu huingia akakuta picha za rangi zimetundikwa ukutani, au vinyago vimesimama juu ya vibao vyake, kama ilivyokuwa desturi tangu zamani. Lakini mtu huyo akiinua simu yake akakitazama kitu kile kwa kupitia kioo cha simu, huona mambo mengine yasiyokuwapo: picha ikatikisika, ukuta ukafunguka, kitu kikaelea hewani mahali patupu. Akiishusha simu, vyote hutoweka, ukabaki ukuta na picha yake.

Mwaka 2017, huko Toronto katika nchi ya Kanada, nyumba ya sanaa ya Ontario ilifanya maonyesho ya namna hii. Msanii Alex Mayhew alizichukua picha za kale zilizomo katika nyumba hiyo, akazifanyia picha za pili zenye kuonekana ndani ya simu tu, na watu wa karne zilizopita wakaonekana wamo katika mambo ya maisha ya leo. Mwaka 2022 msanii wa Kimarekani ajulikanaye kwa jina la KAWS naye alifanya hivyo mjini London, akaweka kazi za kushikika na kazi zisizoshikika katika chumba kimoja. Ujuzi huu wataalamu wetu wa lugha wanauita uhalisia ulioongezwa, na jina hilo linafaa, kwani kilichopo hakiondolewi, bali juu yake huongezwa kitu.

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini sisi wa pwani ya Tanga mambo ya vijana wa Toronto na London? Yatuhusu, tena sana, na sababu yake imelala kiasi cha kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga, kando ya njia iendayo Pangani. Kabla ya kufika huko, yafaa kwanza tueleze namna kazi hii inavyofanyika, ili asiwepo mtu wa kudhani kuwa ni mazingaombwe.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYIKA

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1968 mtaalamu Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani, kizito hata ikabidi kining'inizwe kwenye dari, na aliyekivaa aliona mistari ya mwanga ikielea chumbani mbele yake. Miaka ya 1990 ilipoingia, mafundi wa kiwanda cha ndege cha Boeing wakafikiri kuutumia ujuzi huo kuwaonyesha wafanya kazi mahali pa kupitisha nyaya. Mwaka 2017 makampuni ya Apple na Google yalitoa zana za kuufanyia kazi hiyo ndani ya simu za mkononi, na hapo ndipo jambo lililokuwa la maabara likaingia mifukoni mwa watu.

Simu hufanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kamera yake hutazama mahali ilipoelekezwa, ikatafuta alama zisizobadilika: pembe ya ukuta, doa la jiwe, ukingo wa meza. Pili, vyombo vidogo vilivyomo ndani yake hupima simu imeinama kiasi gani na imesogea wapi. Tatu, kwa hesabu ya mambo hayo mawili, simu hujua ilipo, ikaweza kukiweka kile kitu cha kuchorwa mahali pamoja, hata mtazamaji akitembea akazunguka upande wa pili, kitu kile hakihami. Hesabu hii hufanywa mara nyingi katika kila sekunde moja, na ndiyo maana macho hudanganyika.

Lakini simu haiwezi kuonyesha kile ambacho haikupewa. Umbo la kuonyeshwa lazima litengenezwe kwanza, na likiwa ni umbo la jengo la kale, lazima jengo lenyewe lipimwe. Njia za kulipima ni mbili. Ya kwanza ni chombo kinachorusha miali ya leza, kikapima umbali wa kila nukta ambayo miali hiyo inaigonga, hata zikapatikana nukta milioni nyingi, na nukta hizo zikiunganishwa huwa ni sura kamili ya jengo, kwa urefu, upana na kimo. Ya pili ni nyepesi zaidi: jengo hupigwa picha mamia kwa mamia kutoka kila upande, kila picha ikiingiliana na mwenzake, kisha programu ya kompyuta huzilinganisha na kulijenga umbo. Njia hii ya pili kijana mwenye simu nzuri na subira aweza kujifunza.

Basi na lieleweke jambo hili, kwa kuwa yote yajayo yamesimama juu yake: asiyepima leo, kesho hatakuwa na cha kuonyesha.

TONGONI NA YALIYOKWISHA KUONDOKA

Jina la Tongoni lenyewe lajitosha kutueleza habari zake, kwani tongo katika lugha yetu ni mahame, mahali palipokuwa na watu wakaondoka. Hapo pana gofu la msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pembeni mwake makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe hayo hayo. Mengi kati yake yalikuwa makaburi ya nguzo, yaani kichwani mwa kaburi ilisimamishwa nguzo ndefu ya mawe. Pahali penye makaburi mengi ya namna hii pamoja hapapatikani kwa wepesi katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Wataalamu wanakadiria kuwa mji huu ulistawi katika karne ya 14 na ya 15.

Ulikuwa ni mji wenye uhusiano na dunia. Nguzo na kuta za makaburi zilipambwa kwa sahani za kaure zilizotoka Uchina, na Mwingereza Richard Burton, alipopita hapa mwaka 1857, aliandika habari za kigae kilichong'arishwa chenye maandishi ya Kiajemi. Wareno nao walipaona. Mwaka 1498 jahazi ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama katika mafungu ya bahari ya Mtang'ata, karibu na hapo, na waliporudi kutoka Bara Hindi, mwezi wa Januari 1499, mabaharia wao walikuwa wamekufa wengi mno hata hawakutosha kuziendesha jahazi zote. Basi São Rafael ikachomwa moto katika maji hayo hayo.

Je, leo vimebaki vingapi katika hivyo? Msikiti hauna paa. Nguzo nyingi zimeanguka. Sahani za kaure zimeng'olewa, yakabaki matundu yake katika chokaa, mithili ya macho yaliyotolewa. Kigae cha Kiajemi nacho hakimo tena mahali pake. Mvua, mizizi ya miti, chumvi ya bahari na mikono ya watu vimefanya kazi yao kwa muda wa karne tano, wala havikuacha kuifanya.

Hapa ndipo ujuzi mpya unapoweza kuwa na faida kubwa kuliko kule Toronto. Katika nyumba ya sanaa, picha ya simu huongeza mchezo juu ya kitu kizima. Katika mahame kama Tongoni, yaweza kukirudishia machoni kitu kilichovunjika, bila ya kuligusa jiwe hata moja, bila ya kumwaga saruji mpya juu ya chokaa cha kale, na bila ya kuyafukua makaburi ya watu. Mtoto wa shule aliyesimama mbele ya tundu tupu ataiona sahani ilivyokaa. Aliyesimama mbele ya lundo la mawe ataiona nguzo ikiinuka. Kisha atashusha simu na kuona lundo lile lile, na huenda tofauti ya mambo mawili hayo ikamwingia moyoni kuliko hotuba nyingi.

MAFUNZO YA MAJIRANI

Mifano ya jambo hili haiko mbali nasi. Huko Kasubi, mjini Kampala, walizikwa Makabaka wanne wa Buganda katika nyumba kubwa ya kuezekwa kwa nyasi, ambayo mwaka 2001 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2009 shirika la CyArk la Marekani liliipima nyumba hiyo kwa miali ya leza. Haukupita muda mrefu, tarehe 16 Machi 2010, nyumba ile ikateketea kwa moto. Nyumba imekwisha kujengwa upya, lakini sura ya ile ya kwanza, kama ilivyokuwa kabla ya moto, imebaki kwa sababu kulikuwa na watu waliotangulia kuipima.

Unguja nako tulishuhudia. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, lilianguka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Jumba ambalo kila mtu alilizoea, alilolipita asubuhi na jioni akadhani litakuwapo daima, lilianguka mchana, watu wakitazama.

Ama Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, ilitiwa katika urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, ikawekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini mwaka 2004, na kwa kazi kubwa ya kutengeneza ikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika mradi wao uitwao Zamani, waliyapima majengo yake; na mwaka 2020 CyArk, pamoja na Google na jumuiya ya wataalamu wa majengo ya kale, ICOMOS, walitoa maumbo ya magofu ya Kilwa ambayo mtu yeyote aweza kuyatazama na kuyageuza katika kioo cha simu yake. Katika mkusanyo huo huo umo mji wa misikiti wa Bagerhat, katika nchi ya Bangladesh, ambao nao unatishwa na maji ya chumvi. Waislamu wa nchi mbili zilizotengwa na bahari moja wakajikuta wana shida moja.

Na katika mkoa wetu, mji wa kale wa Pangani uliwekwa mwaka 2010 katika orodha ya shirika la World Monuments Fund ya mahali pa kuangaliwa kwa sababu ya hatari. Basi hatuwezi kusema kuwa hatukuonywa.

SANADI YA PICHA

Hata hivyo, hatukukusudia kuusifu ujuzi huu tu. Kitu chenye nguvu ya kuonyesha kweli kina nguvu ile ile ya kuonyesha uongo, na uongo unaoonekana kwa macho ni mgumu kuung'oa kuliko uongo uliosikiwa kwa masikio.

Tufikiri kidogo. Fundi wa kompyuta amekaa mbali, hakupata kufika Tongoni. Apewa kazi ya kuusimamisha msikiti wake ndani ya simu. Paa hakuliona, atalichora. Urefu wa nguzo haujui, atakisia. Mapambo ya mihrabu yamefutika; atachukua mapambo ya nchi nyingine yaliyompendeza. Kisha atawaweka watu, akawavika nguo alizoziona katika sinema. Kazi itatoka nzuri, yenye rangi na mwanga, na watoto wetu watasema: hivi ndivyo babu zetu walivyokuwa. Nani atakayewaambia kuwa nusu yake ilitoka katika kichwa cha fundi?

Wataalamu wa kazi hii wamelitambua jambo hilo. Mwaka 2006 walianza kuandika kanuni ziitwazo Mkataba wa London, na toleo lake la mwaka 2009 lasisitiza kwamba kila mwenye kuchora kitu cha kale kwa kompyuta aeleze wazi amekijuaje, kipi ana ushahidi nacho, na kipi amekikisia. Kwao likaonekana ni jambo jipya. Kwetu Waislamu si jipya hata kidogo! Maulamaa wetu wa Hadithi walilijua tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakaliita isnadi. Habari haikukubaliwa kwa kuwa ni tamu, wala kwa kuwa msemaji wake ana sauti nzuri. Iliulizwa kwanza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani? Iliyothibiti ikaitwa sahihi, iliyopungua ikaitwa dhaifu, na ya kuzuliwa ikatupwa.

Basi kwa nini picha ya msikiti isiwe na sanadi yake? Na iwe hivi: jiwe lililopo leo lionyeshwe kama lilivyo. Ukuta ambao msingi wake umeonekana, lakini wenyewe umeanguka, uchorwe kwa rangi hafifu. Kilichochukuliwa katika maandishi ya msafiri kitajwe jina la msafiri na mwaka wake. Kilichokisiwa kwa kulinganisha na mahali pengine, kama Kaole iliyo karibu na Bagamoyo, au Kunduchi, ambako nako yako makaburi ya nguzo, kiandikwe kuwa kimelinganishwa. Na kile ambacho ni dhana tupu kiachwe, au kichorwe kwa mistari ya nukta, ili hata mtoto ajue kuwa hapa ndipo elimu ilipoishia. Picha ya namna hii haitapendeza kama ile ya fundi wa mbali, lakini itakuwa na amana.

Tahadhari hii inahitajika zaidi katika suala la nani aliyejenga. Kwa miaka mingi waandishi wa kigeni walipenda kusema kuwa miji ya mawe ya pwani ilikuwa ni kazi ya wageni watupu, na wenyeji hawakuwa na sehemu ila utumwa. Uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, uliotangazwa mwezi wa Machi 2023 katika jarida la Nature, ukiwamo wa watu wa Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa na Manda, umeonyesha mambo mawili pamoja: kwamba mama wa watu hao asili yao kubwa ilikuwa ni ya Kiafrika, na kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 waliingia wanaume wa Kiasia, wengi wao wa Kiajemi, wakaoana nao. Kwa hiyo mwenye kuichora miji hii bila ya Mwafrika amesema uongo, na mwenye kuichora bila ya mgeni aliyekuja kwa jahazi naye amepunguza kweli.

NI NANI MWENYE HEWA YA MAKABURI?

Liko swali jingine, nalo ni gumu. Mwezi wa Oktoba 2010 wasanii wawili, Sander Veenhof na Mark Skwarek, waliweka maonyesho yao ndani ya nyumba mashuhuri ya sanaa ya kisasa mjini New York bila ya kuomba ruhusa. Hawakupiga msumari wala hawakupaka rangi. Walitundika picha hewani tu, zikaonekana kwa simu. Wenyewe walikusudia mzaha na kuamsha fikira. Lakini swali walilolileta bado liko: je, hewa iliyo mbele ya ukuta wangu ni yangu, au ni ya kila mwenye kompyuta?

Mwaka 2016 swali hilo lilitoka katika sanaa likaingia makaburini. Ulipotoka mchezo wa Pokémon Go mwezi wa Julai, watu walikwenda huku na huko wakivinasa viumbe vya kuchorwa vilivyoonekana katika simu zao. Wengine wakavifuata hadi makaburi ya askari ya Arlington, na hadi jumba la kumbukumbu la Mayahudi waliouawa, lililoko Washington, na wasimamizi wa pahali hapo wakalazimika kuwaomba watu waache kucheza penye kuwakumbuka wafu. Waliouweka mchezo pale hawakuwauliza wenye makaburi.

Basi hilo lililowafika wao laweza kutufika sisi. Makaburi ya Tongoni, Kaole na Kunduchi ni makaburi ya Waislamu kabla ya kuwa vivutio vya watalii. Mtu hazuru kaburi kwa kuburudika. Huzuru kwa kukumbuka kuwa naye ataondoka. Kwa hiyo twaona adabu tatu hazina budi kuwekwa mbele ya kila mwenye kutaka kufanya kazi hii.

Adabu ya kwanza ni ruhusa. Mambo ya kale ya nchi yetu yamelindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na mwenye kutaka kuyapima au kuyafanyia maonyesho yampasa kuwaendea wenye mamlaka ya Serikali, kisha wazee wa kijiji na imamu wao. Ruhusa ya karatasi bila ya ridhaa ya wenye mahali ni nusu ya ruhusa.

Adabu ya pili ni staha. Mzuru aanze kwa kuwasalimu waliolala na kuwaombea, ndipo ainue simu. Asikanyage kaburi ili apate pembe nzuri ya picha. Asipake chaki maandishi ya kale ili yaonekane, kwani chaki huingia katika chokaa ikakiharibu. Na muziki usipigwe mahali hapo.

Adabu ya tatu ni katika mambo ya kuchorwa. Maulamaa wana maneno mengi juu ya sura za viumbe wenye roho, nasi hatukusudii kuyamaliza hapa. Lakini hakuna aliyehitilafu kuwa nyumba ya ibada haipambwi kwa sura hizo. Wala hazihitajiwi. Wazee wa pwani hii walijua kupamba bila ya sura ya mtu: tazama maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, tazama nakshi za milango ya Pangani na vidaka vya kutani. Mtu akitaka kuuonyesha msikiti wa Tongoni ulivyokuwa, na auonyeshe mwanga ukiingia asubuhi, na mihrabu ikikamilika, na kisima kikiwa na maji. Mwenye moyo atawaona wenye kuswali bila ya kuchorewa.

AMANA IWEKWE WAPI?

Tena liko jambo la hifadhi. Wengi hudhani kuwa kilichowekwa katika intaneti kimehifadhika milele. Sivyo. Kampuni ya Google ilikuwa na ghala ya maumbo ya namna hii iitwayo Poly. Mwezi wa Juni 2021 iliifunga, na wote waliokuwa wameweka kazi zao humo ikawabidi wazihamishe kabla ya mlango kufungwa. Duka la mtu hufungwa siku anayotaka mwenyewe.

Wazee wetu walikuwa na njia ya kuitoa mali katika hatari ya kuuzwa na kurithiwa ikapotea, nayo ni wakfu. Kisima kiliwekwa wakfu, shamba la minazi likawekwa wakfu kwa mafuta ya taa za msikiti, na vitabu pia. Twaona vipimo na picha za magofu yetu zafaa kufanyiwa mfano wa jambo hilo: nakala moja iwe kwa wenye mamlaka ya mambo ya kale, nakala ya pili katika chuo kikuu cha nchi yetu, na nakala ya tatu ibaki Tanga penyewe. Mji huo una Makumbusho ya Urithi katika boma la zamani la Wajerumani, na mahali pa namna hiyo ndipo mtoto wa Chumbageni au wa Ngamiani aweza kuingia kwa miguu akaona. Haifai sura ya kaburi la babu yako ikawa ng'ambo tu, nawe ukailipia ili uitazame.

KAZI YA VIJANA

Sasa twawageukia vijana, wake kwa waume. Simu mnazo. Saa nyingi zapita nazo mikononi, nasi hatusemi zote zimepotea. Lakini kati ya saa hizo, chache zikitolewa kwa jambo hili, faida yake itakaa kuliko picha elfu za chakula na viatu.

Anzeni kwa kidogo. Kabla ya Tongoni, ipimeni mihrabu ya msikiti wa mtaa wenu, ikiwa ni ya kale na imamu ameridhia. Pigeni picha asubuhi mapema au siku ya mawingu, ili vivuli visikate jiwe vipande viwili. Kila picha iingiliane na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu yake. Wekeni pembeni fimbo yenye alama za kipimo, ili ukubwa wa kitu ujulikane. Andikeni tarehe, mahali, na jina la aliyepiga. Hiyo ndiyo sanadi yenu.

Kisha waendeeni wazee. Jiwe lina sura lakini halina sauti, na sauti imo kwao: jina la kale la mtaa, jina la kisima, nani alikuwa akiadhini, tundu lile lilikuwa na sahani ya rangi gani. Mkiomba ruhusa yao, yarekodini maneno hayo, ili siku moja atakayesimama mbele ya nguzo asikie, pamoja na kuona, maneno ya Kiswahili cha Mtang'ata kutoka kinywa cha mwenyewe. Kumbukeni kuwa katika pwani hii hii Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliviandika kwa utenzi vita vya Wajerumani vya 1888 na 1889, vita ambavyo Abushiri alimaliziwa kwa kunyongwa Pangani. Yeye alikuwa na kalamu na herufi za Kiarabu. Alitumia chombo cha zama zake, na kwa sababu hiyo habari zimetufikia kwa ulimi wetu.

Wala wazazi wasidhani kuwa kazi hii yataka fedha nyingi au mtandao wenye nguvu. Programu na maumbo yake huweza kutiwa katika simu mjini, yakatumika huko shambani bila ya mtandao. Taabu zake ni nyingine: jua la pwani hufifisha kioo cha simu, na kipimo cha setilaiti huweza kukosea kwa mita kadhaa, hata nguzo ikasimama juu ya kaburi la jirani. Dawa yake ni kumfundisha fundi kuitambulisha simu jiwe lenyewe, badala ya kutegemea setilaiti, na kuwaleta wageni asubuhi au alasiri.

Mwisho, tusidanganyike kuwa sura ya simu yaweza kuwa badala ya jiwe. Anayeona nguzo nzima katika kioo, kisha akaiacha nguzo ya kweli ianguke, amefanana na mtu aliyepiga picha ya mzazi wake mgonjwa akasahau kumpeleka hospitali. Fedha ya kwanza na iende kung'oa mizizi inayopasua kuta na kuitia chokaa mihrabu. Ya pili ndiyo iende kwa kompyuta. Na safari ya kwanza ya familia, siku ya mapumziko, iwe ni kwenda Tongoni wenyewe, wakubwa na wadogo, wakaone kwa macho yao kilichobaki.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Kutazama huko kwataka macho, na kwataka moyo wenye kuzingatia. Simu yaweza kuyasaidia macho. Ama moyo, huo kila mtu na auandae mwenyewe kabla hajafika.

Wabillahi taufiki.